Sijida Niliyoshindwa Kuinuka

Aibu nyengine mtu huzificha mpaka akaingia nazo kaburini, na hii yangu nilitaka niifanye hivyo hivyo, lakini utaifichaje aibu ambayo watu waliinama nyuma yako wakaishuhudia? Basi bora niihadithie mwenyewe kwa ulimi wangu kabla Khatib hajakuhadithieni kwa ulimi wake, maana Khatib (ni jirani yangu hapa Msuka, tumesoma chuo kimoja cha Kurani tukiwa wadogo, na Mungu amempa mdomo akamnyima breki) kila akiihadithia huongeza safu moja ya watu, na sasa hivi amefikia safu nne. Zilikuwa mbili. Namshukuru Mungu zilikuwa mbili tu.

Mie ni maalim wa chuo. Miaka mingi nimesomesha watoto na kusalisha katika msikiti wetu mdogo, na hakuna mwanamme wa rika la kati hapa kijijini ambaye sikumpiga kofi la mgongo kwa kusoma ovyo. Mwaka jana, wiki moja baada ya Idi, kiharusi kikanishika upande wa kushoto. Mdomo ulirudi mahali pake, alhamdulillah, na kichwa hakikupotea, lakini mguu wa kushoto ukawa kama wa mtu mwengine aliyeniazima kwa shingo upande, na mkono ukabaki mvivu, ukitumwa hauendi.

Sasa nikwambieni jambo ambalo ndiyo shina la mkasa wote. Sikutaka kusalia kiti. Nafuu ipo katika dini, na mie mwenyewe nimeisomesha nikaifafanua: mgonjwa asali anavyoweza, akishindwa kusimama akae, akishindwa kukaa alale. Lakini kuwasomesha watu nafuu ni kitu kimoja, na kuikubali mwenyewe ni kitu chengine kabisa. Nikasali chini kama nilivyosali maisha yangu yote. Nikishuka, nashika mguu wa kitanda. Upande wa kulia nimewekewa kigoda cha mbuzi, kile cha kukunia nazi (mbuzi wenyewe umeng'olewa, msicheke), nakishika nikitoka kwenye sijida. Nikishatoa salamu, naita, "Bi Mize!" na Bi Mize, mke wangu wa ujana na wa uzee, anakuja na kanga, anaipitisha chini ya makwapa yangu, anaweka goti lake nyuma ya nyonga yangu, anasema, "Bismillahi," nami nakwenda juu.

Tuliifanya kazi hiyo mpaka hatukuiona tena kuwa ni kazi. Yaani mie sikuiona. Bi Mize alianza kujifunga kanga nyengine kiunoni, kaikaza kama mtu anayekwenda kubeba kuni, na akiinama kuchochea moto hainuki mara moja, husubiri kidogo kwanza. Nikimuuliza, "Bi Mize, mgongo vipi?" hunijibu, "Alhamdulillah." Nami nikaridhika na jibu, kwa sababu lilikuwa linanifaa.

Ikaja habari kwamba wataalamu wa viungo watakuja Konde, watakaa katika baraza ya skuli moja wakati wanafunzi wako likizo, watamtazama kila mwenye mguu, mkono au mgongo, kisha wawachague wale wa kufuatwa nyumbani kufanyishwa mazoezi na kupewa vifaa. Asubuhi ya kwenda, Bi Mize alinivalisha kanzu nyeupe na koti, akanifunga vifungo vyote vitano kimoja kimoja, akaniweka kofia sawa, na akasema neno moja tu.

"Maalim, leo uwaeleze."

"Nitawaeleza," nikasema.

Tulifika tukakuta mabenchi mawili yamejaa, la wanaume na la wanawake, na baina ya mabenchi na meza ya daktari hapana ukuta, kuna nguzo ya baraza tu, nyembamba, ambayo haifichi hata kuku. Khatib alikwishatangulia na goti lake la kulia, amekaa mwanzo wa benchi kama mshika mlango. Pembeni yake wazee wawili ambao watoto wao wote wamepita mikononi mwangu. Wakanipisha. Wakanipa mkono. Mmoja akasema, "Maalim umenawiri!" Na kweli nilinawiri, kwa koti.

Daktari alikuwa kijana mrefu kutoka bara, jina lake Elia, mpole, ana adabu ya kumtazama mtu usoni anapozungumza. Alisimama nilipofika, akanivutia kiti, na Bi Mize akapewa chake pembeni yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Unajisikiaje?"

"Alhamdulillah. Sijambo kabisa."

Hapa nisimame kidogo. Hapa kwetu ukimuuliza mtu anayekata roho hali yake, atakwambia alhamdulillah kwanza ndiyo akate. Ni adabu yetu kwa Mungu na sioni kasoro yake mpaka leo. Kasoro ilikuja kwenye suala la pili, maana jibu la kwanza nilikwisha kulitoa kwa sauti ya kutosha benchi zima, na sasa nilikuwa nimesimama juu yake kama mtu aliyesimama juu ya mbao ya choo: hana budi aendelee kusimama hapo hapo.

"Kuoga, babu. Unaoga mwenyewe au unasaidiwa?"

Khatib yuko umbali wa mkono. Nitasema nini? Niseme mbele ya wazee wenzangu kwamba Bi Mize ndiye anayenisugua mgongo na kunipangusa miguu kama mtoto wa mwaka?

"Mwenyewe," nikasema. (Na si uongo, nikajisemea moyoni, kata ya kwanza ya maji ni mie ninayejimwagia.)

Bi Mize akakohoa kidogo.

"Kuvaa?"

"Navaa." (Vifungo vitano vikanitazama.)

"Kutembea, unafika wapi?"

"Msikitini." (Sikutaja lini. Mara ya mwisho ilikuwa wiki ya Idi ya mwaka jana, lakini hakuniuliza lini.)

Bi Mize akakohoa tena.

"Na kusali, unasali umekaa kwenye kiti?"

"Ah! Nasali chini, kama watu."

"Na kuinuka?"

"Nainuka." (Kwa idhini ya Mungu, ambayo huja na kanga.)

Angalieni sasa mtu aliyesoma anavyoharibika. Mjinga akisema uongo anajua kuwa ni uongo, ana tumaini la kutubu. Mie kila jibu nililitafutia mlango wa kutokea, nikaupata, nikapita, na kwa hivyo nilikuwa nakwenda motoni huku najihisi mkweli.

Daktari akaacha kuandika, akamgeukia Bi Mize. "Bibi, wewe unayeishi naye, unaona hivyo hivyo?"

Bi Mize alitazama sakafu. "Kama alivyosema mwenyewe," akasema.

Katika maisha yetu hajanipinga mbele ya watu hata siku moja. Ningependa nikwambieni kwamba siku ile nilitamani anipinge, lakini uongo nimekwisha kuuacha: nilifurahi.

Daktari akanipa vidole vyake nivibane. Mkono wa kulia nilimbana mpaka akacheka. Wa kushoto nikasema una baridi kidogo ya asubuhi. Akaniambia niinuke kitini niende mpaka kwenye nguzo nigeuke nirudi, nami nikaenda, wallahi nikaenda, paja linatetemeka ndani ya kanzu na jasho linanishuka mgongoni, na nilipofika kitini sikukaa, nilianguka, ila kwa bahati nilianguka pale pale penye kiti ikaonekana nimekaa. Akaandika tena. Kisha akaweka kalamu chini, akanieleza pole pole:

"Babu, nakuuliza sana kwa sababu moja. Yule anayejitegemea tunampa karatasi ya mazoezi, afanye mwenyewe, arudi baada ya miezi sita. Yule anayehitaji msaada tunamfuata nyumbani kila wiki. Lakini nafasi za nyumbani ni chache, siwezi kumpa asiyehitaji nikamnyima anayehitaji. Mpaka hapa, kwa majibu yako, wewe unajitegemea."

Mlango wa toba ulikuwa wazi hapo, wazi kabisa, na upepo unapita. Nikamtazama Bi Mize. Hakunitazama. Mkono wake ulikuwa umeingia ndani ya buibui, umeshika kiuno. Miezi sita mingine ya kanga na goti. Nikafungua kinywa nimwambie yule kijana, mwanangu futa, na ndipo Khatib akapaza sauti kutoka kwenye benchi:

"Maalim huyo chuma, Daktari! Andika chuma!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Na mlango ukafungwa.

"Suala la mwisho," akasema Daktari Elia. "Jambo gani moja unalolitaka kuliko yote, ambalo sasa hulipati?"

Hili nililijibu bila kufikiri, na ndilo jibu pekee la kweli nililotoa siku ile. "Kurudi msikitini kwangu. Nisali na wenzangu."

Kijana ana akili. "Babu," akasema, "umeniambia unatembea mpaka msikitini, unasali chini na unainuka mwenyewe. Sasa kinachokuzuia ni nini?"

Khatib akasogea ukingoni mwa benchi asikie jibu. Adhana ya Adhuhuri ikatuokoa, ikasikika kutoka msikiti wa upande wa sokoni, tukaitikia mpaka ikamalizika, na mie nikamshukuru muadhini kwa kila neno. Lakini adhana huisha.

"Basi nionyeshe," akasema Daktari. Akakunjua mkeka wa plastiki pale barazani, baina ya meza na nguzo. "Unavyokwenda chini na unavyoinuka. Taratibu, mimi nipo karibu."

Mtu mwenye akili angesema sasa. Mie nilivua viatu.

Nikageuka kibla kwa mazoea, maana mwili wangu haujui kushuka chini kwa upande mwengine. Nikashika ukingo wa meza kwa mkono wa kulia, goti la kulia likafika, la kushoto likafuata likaanguka "pu" kama furushi, na hapo ulimi nao kwa mazoea ya miaka, nikiinama, ukatoa "Allahu akbar" kwa sauti ile ile ya msikitini, sauti ya kusikiwa na safu ya nyuma. Paji la uso likafika kwenye mkeka.

Na ndiyo ikawa hivyo. Likafika, likakaa.

Kigoda cha mbuzi kiko Msuka. Mkono wa kulia unapapasa, unakutana na sakafu iliyopigwa saruji laini na mkeka unaoteleza. Mkono wa kushoto umejikunja chini ya kifua, umelala. Na goti la kushoto limekanyaga kanzu, basi kila nikijaribu kuinua kichwa, ukosi unanivuta chini kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Nikajaribu mara ya kwanza. Nikajaribu mara ya pili. Nikatulia.

Daktari Elia alikuwa karibu, kama alivyoahidi. Lakini Daktari Elia ni Mkristo, mgeni kisiwani, na siku ya kwanza alipofika alipewa nasaha asiyoisahau: mtu akiwa katika sala usimguse, usimsemeshe, usipite mbele yake. Amesikia adhana. Amenisikia nikikabiri kwa ile "Allahu akbar". Ananiona nimesujudu. Akavua viatu vyake, masikini, akarudi nyuma hatua mbili, akawaambia watu wa kwenye benchi kwa sauti ya chini, "Tafadhali, mzee anasali."

"Daktari," nikanong'ona ndani ya mkeka. "Daktari..."

Aliniambia baadaye kwamba alisikia ninanong'ona, akadhani namtaja yeye katika dua. Akajibu, "Amina."

Nikataka kupiga kelele. Nikavuta pumzi nipige. Na hapo ndipo niliposikia nyuma yangu goti likilia "kwa!" na sauti ninayoijua tangu utoto ikisema, "Allahu akbar."

Khatib alikuwa amejiunga.

Mnaifahamu sheria ya sala. Aliyechelewa akimkuta imamu yumo katika sijida, hasubiri. Anakabiri, anashuka, anamfuata pale pale alipo. Na Adhuhuri ni sala ya kimya, imamu hasomi kwa sauti, kwa hivyo hakuna aliyejiuliza mbona hakusikia kisomo. Wameona maalim wao yuko chini baada ya adhana, wakasema, ya nini kwenda msikitini kwa magoti haya, na sala ya jamaa ipo hapa? Nikasikia takbira ya pili, na ya tatu. Wale wazee wawili. Kisha mtu mwenye mkongojo, nikausikia mkongojo ukiwekwa chini. Kisha wengine nyuma yao, wanahema, wanashuka kwa tabu, viungo vinalia kama milango, watu ambao hakuna hata mmoja aliyekuja Konde siku ile kwa sababu ya uzima wake. Safu mbili. Wote wamesujudu, wote wananisubiri mie niinuke.

Kutoka kwenye benchi la wanawake nikamsikia bibi mmoja akisema, "Mashaallah. Iangalieni sijida ile."

Sijui zilipita dakika ngapi. Najua niliyoyafikiri. Nilifikiri kwamba nikinyamaza, watachoka, mmoja mmoja atainua kichwa, watasema Maalim kazama katika ibada, na sifa yangu itafika mpaka mjini Wete. Niliifikiri hiyo, Mungu anisamehe, na niliifikiri kwa utulivu. Kisha nikafikiri: hawa wameshikamanisha sala yao na mtu ambaye hasali. Hakunuia, hakusimama, hakurukuu, yumo hapa chini kwa sababu ya fomu. Aibu ni yangu, naweza kukaa nayo nitakavyo. Lakini sala ni zao. Ningewanyang'anya vipi watu sala yao ili nihifadhi koti langu?

Nikageuza shavu juu ya mkeka, nikapata pumzi.

"Ndugu zangu," nikasema, "msisali nyuma yangu. Mie sisali. Nimekwama."

"Ati nini?" akasema Khatib, bado kaweka paji chini.

"Nimekwama, Khatib. Siwezi kuinuka. Sijaweza tangu mwaka jana."

Zilisikika hatua za makubadhi, na Bi Mize, ambaye alikuwa amejua tangu mkono wangu ulipoanza kupapasa lakini asingeweza kupita mbele ya safu za watu wanaosali, sasa alipita. Alifungua kanga ya kiunoni mwake, akaipitisha chini ya makwapa yangu, akaichomoa kanzu gotini, akaweka goti lake nyuma ya nyonga yangu, mahali pale pale, hakutafuta hata kidogo.

"Bismillahi," akasema.

Nami nikaenda juu.

Nilipokaa kitini, kofia iko sikioni, nilimwona Daktari Elia hanitazami mie. Anamtazama Bi Mize, ambaye amesimama ameshika nguzo kwa mkono mmoja na mgongo kwa mwengine, akisubiri maumivu yapite. Daktari akachuchumaa mbele yake.

"Bibi," akasema, "hii unaifanya mara ngapi kwa siku?"

Bi Mize akanitazama mie.

"Mwambie, Bi Mize," nikasema. "Mwambie yote."

"Sala tano," akasema. "Na choo. Na kumtoa kitandani, na kumrejesha kitandani. Hisabu mwenyewe, mwanangu."

"Na mgongo wako?"

"Alhamd..." akaanza. Akakatisha. Akavuta pumzi. "Unaniuma," akasema. "Unaniuma sana."

Nimeishi na mwanamke yule tangu nywele zangu nyeusi, na nililisikia neno hilo kwa mara ya kwanza katika baraza ya skuli, akimwambia mgeni.

Ilipigwa kelele nyuma yetu. "Yakhe, na sisi je?" Ni Khatib, angali chini, goti limekataa, na wale wazee wawili pembeni yake wameinua vichwa tu kama kasa. Daktari na wenzake wakaja wakawainua mmoja mmoja, na kila waliyemwinua, Daktari akamtazama usoni, akaenda mezani, akatafuta fomu yake, akaisoma, akatikisa kichwa.

"Mzee Khatib, wewe hapa umeniambia huna shida ya kukaa na kuinuka."

"Alhamdulillah," akasema Khatib.

"Hapana. Niambie."

Khatib akajikuna ndevu. "Nainuliwa na mkwe wangu," akasema polepole. "Nikienda choo ananingoja nje. Miye naona aibu kumwita, hujikohoza tu akaja."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akasema, "Na mie." Yule wa mkongojo akasema, "Na mie niandikie upya."

Daktari Elia alikusanya fomu zote za asubuhi, akatuambia, bila ya hasira, kwamba tangu saa mbili alikuwa akijiuliza kwa nini watu wenye afya namna hii wamejaa kwenye benchi. Halafu akaanza upya, tena safari hii alihamishia meza ndani ya darasa na kufunga mlango, na hakuuliza tena unaweza au huwezi. Aliuliza, "Nani anakuwa karibu yako unapooga? Nani unamwita ukitaka kuinuka?" Ajabu ya Mungu, suala hilo lilijibika. Mtu anaona haya kusema hawezi, lakini haoni haya kumtaja anayempenda. Nami nilipoingia nilisema, kwenye kila mstari: Bi Mize. Bi Mize. Bi Mize. Alipofika kwenye vifungo nikavionyesha kimoja kimoja.

Kabla ya hapo lakini, Adhuhuri ilikuwa inatungoja, na ya kweli safari hii. Yakatolewa madarasani viti vya wanafunzi, vidogo, tukapanga safu. Khatib akaniuliza kwa adabu, akijizuia kucheka mpaka mabega yanatikisika:

"Sasa Maalim, leo nani asalishe?"

"Yeyote anayeweza kuinuka," nikasema.

Akasalisha mmoja wa wasaidizi wa Daktari, kijana wa Jadida, Wete, na mie nikasali kwenye kiti cha mtoto wa darasa la pili, magoti yamenifika kidevuni, sala yangu ya kwanza ya jamaa tangu Idi ya mwaka jana. Nafuu niliyoisomesha miaka yote ndiyo kwanza nikaionja.

Nafasi tulipata. Kila Jumanne alikuja mtu Msuka kunifundisha kuinuka: lala ubavu wa kulia, sukuma kwa kiwiko, piga goti zima, mguu mzuri mbele, shika kigoda. (Kile kigoda cha mbuzi alikisifu sana.) Bi Mize naye akafundishwa mgongo wake, na akaamrishwa asininyanyue tena, amri ambayo aliipokea kwa uso wa mtu aliyesamehewa deni. Ilichukua muda mrefu. Nilianguka mara nyingi na nikacheka mara chache. Mpaka Alasiri moja nilitoa salamu, na Bi Mize, aliyekuwa jikoni, akaja mbio na kanga mkononi kwa mazoea, akanikuta nimesimama, nimeshika kitanda, natetemeka lakini nimesimama. Akasimama mlangoni. Akaitazama kanga kama hajui ya nini.

"Sasa miye hii niifanyie nini?" akasema, akajifunika nayo uso.

Nimeweka nadhiri ya kusema kweli, na nakuusieni nyie wazee wenzangu mnaokwenda kutazamwa. Alhamdulillah iseme, tena iseme ya kwanza, kwa moyo wote, kwa sababu kila tulichobakishiwa ni chake. Lakini usiisimamishe hapo kama mlinzi mlangoni ikawazuia watu wasione ndani. Mungu anazijua hali zetu bila ya fomu. Daktari hazijui, na mke anazijua lakini ananyamaza.

Juzi Daktari Elia alikuja mwenyewe Msuka kunitazama mara ya mwisho. Alinikuta ninarudi kutoka msikitini, kwa miguu yangu na mkongojo, natua mara moja tu njiani. Tukakaa barazani, Bi Mize akaleta chai.

"Unajisikiaje, Maalim?"

"Alhamdulillah," nikasema. "Sijambo kabisa."

Nikasikia mtu akikohoa kidogo pembeni yangu.

"Ila vifungo," nikasema. "Vifungo bado."